Majirani wa Bi Nasriya

Mimi ni hodari wa kusoma vitabu na mwoga wa kusema nilichokisoma. Nalitanguliza hilo, asije mtu akanionea huruma.

Mwaka 1997 nilikuwa mtunza maktaba katika shule moja ya kulipia, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nchi ya Waarabu. Darasa la tatu lilikuwa na mwalimu kutoka Ireland, Nuala, mwembamba, mwenye kicheko cha kuwaamsha watoto waliosinzia. Kila Jumatano aliwasimulia hadithi za kale za kwao: habari za Lugh aliyejua kazi zote, na Dagda mwenye chungu ambacho hakuna aliyekula humo akaondoka na njaa. Mtoto mmoja akenda kumwambia baba yake kwamba Ireland kuna mungu mwenye uji usiokwisha.

Baba akaja mbio. Mkuu wa shule, Ustadh Marhoon, akaniita ofisini, akaniwekea kitabu cha Nuala mezani.

"Soma, uniandikie," alisema. "Hawa ni mashujaa wa hadithi, au ni miungu? Ikiwa mashujaa, yule baba nitamtuliza mwenyewe. Ikiwa miungu, mkataba wa mwalimu huyu hauendelei."

Nilisoma siku mbili. Kitabu chenyewe kilikiri kwamba hakijui. Walioziandika hadithi hizo zamani walikuwa watawa wa Kikristo, na hata wao hawakuafikiana. Huyu kaandika ni miungu, yule kaandika ni wafalme wa kale waliokuzwa na midomo ya watu, mwingine kasema ni malaika waliofukuzwa mbinguni lakini hawakufika motoni. Mwisho wa yote Lugh na wenzake walishindwa vita, wakahamia chini ya vilima, na wanavijiji wakawa wanawawekea maziwa dirishani wasije wakaudhika.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana jawabu nilikuwa nalo nyumbani.

Nikiishi Wadi Kabir, nyuma ya magereji, pamoja na bibi yangu, Bi Nasriya. Alitoka Unguja na mkoba mmoja na chetezo chake, na kila Alhamisi alasiri akifukiza ubani pembe zote za nyumba. Hamwagi maji ya moto uani mpaka awaamkie "wenyewe" kwanza. Nuala alizoea kuja kula wali kwetu, na siku ya kwanza tu alimweleza Bibi habari za maziwa ya dirishani, mimi nikifasiri. Bibi akapiga paja.

"Hao si miungu, mwanangu! Hao majirani. Hata mie nnao hapa uani. Jirani haabudiwi, jirani anaamkiwa tu. Mungu mmoja, wetu na wao."

Nuala akacheka mpaka machozi. Bibi yake mwenyewe, mtu wa rozari kila siku, alikuwa akisema hivyo hivyo.

Basi kazi yangu ilikuwa kuyaandika maneno hayo tu. Lakini pale ofisini mimi nilikuwa "Mzanzibari". Kiarabu changu kikiteleza, Shaikha, katibu wa mkuu, alikirudia kwa sauti wenzake wapate kucheka. Nikiandika kwamba bibi yangu anaamkia majini uani, swali litamwacha Nuala na kunigeukia mimi: nyinyi watu wa Unguja, dini yenu vipi? Nililiona swali hilo linakuja, nikajiweka kando lipite, nikamwacha Nuala katikati ya njia.

Nikaandika kwa Kiarabu safi, bila kosa hata moja: "Ni miungu inayoabudiwa." Ustadh Marhoon akausifu mwandiko wangu. Nami nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwezi wa sita Nuala alikuja kuaga. Alikaa kwenye mkeka mahali pake pa kila siku, nami nikamimina chai.

"Mbona wenda zako?" Bibi akamuuliza. "Si ulisema miaka mitatu?"

Nuala alitazama kikombe. "Mwambie kuna mtu ameandika kwamba nawafundisha watoto miungu."

Nikafasiri. Bibi akafura.

"Nani huyo? Kwa nini hajaja kuniuliza mie? Mtu gani humkatia mwenzake riziki na ukweli anaujua?"

"Anasemaje?" Nuala akauliza.

"Anakuombea safari njema."

Nuala alinitazama. Hasira ya mtu mzima haihitaji mkalimani. "Ustadh Marhoon alinionyesha karatasi, Buthaina," alisema taratibu, kwa Kiingereza. "Nimekuja nisikie kutoka kwako."

Nisamehe ni neno moja tu, na nalijua kwa lugha tatu. Sikulisema hata kwa moja.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

"Anasema atakukumbuka."

Nuala angeweza kuninyooshea kidole, na Bibi angeelewa. Hakufanya hivyo. Alibusu mkono wa Bibi kama nilivyomfundisha mwenyewe, akavaa viatu, akaondoka.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mjukuu ndiye mimi. Bibi aliishi miaka sita zaidi, na kila Alhamisi, chetezo mkononi, aliniuliza: "Na yule mtu aliyeandika, kajulikana?"

"Bado, Bibi."

"Mungu amwongoze," husema. Kisha hunisogelea, akanizungushia moshi wa ubani kichwani mara tatu, akiniombea Mungu anikinge na watu kama yule.