Mgeni Asiyekula Chumvi Yangu

Mtu akija kwako akasifu kila kitu lakini hali chochote, mtazame mikono. Dominick nilimtazama mikono tangu siku ya kwanza. Ilikuwa mikono safi, mkono wa kushoto una saa ya mkanda wa ngozi, na kila nilipoweka sahani mbele yake, ile mikono ilishuka ikajificha mapajani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Duka la ushirika lilikuwa limeshakufa, mitumba imejaa Nangurukuru, na kila mwenye gari alisema ana kampuni. Dominick alisema yake ni ya utalii. Alikuja na Land Rover ya kijani, au nadhani ilikuwa ya kijani, maana ilibeba vumbi la njia nzima ya kutoka Dar es Salaam. Ndani walikuwamo wageni wawili, mume na mke. Mume ni Mzungu mwembamba, jina lake Pita. Mke ni Angela, nesi, Mchaga wa Rombo, mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Walikuwa wanaizunguka nchi: wametoka Bukoba, wamepita Ngorongoro, sasa wanataka kuiona Kilwa.

Waliomba kupiga hema kwenye kiwanja changu, nje kidogo ya Kilwa Masoko. Nikawakubalia. Kile kiwanja aliniachia marehemu mume wangu, naye kalala palepale chini ya minazi yake. Kina kisima cha maji matamu, hatua chache tu kutoka baharini, na wanawake wa kijiji kizima wanateka hapo. Njia ya kushukia kwenye pweza nayo inapita hapohapo.

Jioni ile ile, wageni wanapigilia vigingi vya hema, Dominick akanivuta pembeni.

"Mama, hapa ni dhahabu imelala. Nikijenga vibanda vya makuti, watalii watakuja mpaka uwachoke. Wewe utabaki mwenye mali. Kazi yako kupika tu."

"Na kisima?"

"Kisima kitabaki kisima, mama. Nani anakula kisima?"

Alichotaka ni neno langu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Likwata, na wazee wawili watatu: niseme nimemkabidhi. Kwetu wakati ule neno likishatoka barazani mbele ya watu, halirudi tena mdomoni.

Mwanangu Somoe alishakubali kabla yangu. Paa letu lilikuwa linavuja, naye alichoka kuhamisha kitanda kila masika. "Mama, dunia imefunguliwa, wewe unatafuta komeo," akaniambia.

Nikapika. Wali wa nazi, changu wa kukaanga, pweza wa nazi na ndimu. Nilipotenga, nikamega tonge la kwanza mimi mwenyewe, nikachovya kwenye mchuzi, nikala mbele yao.

Angela akacheka. "Bibi, mbona unatutangulia? Njaa imekushika?"

"Naonja, mjukuu wangu, mjue hamna kitu humo."

"Kumbe! Na kwetu Rombo mwenye pombe ya mbege huonja kwanza, ndipo akupe kibuyu."

Nikafurahi. Nchi kubwa hivi, na hofu yetu moja. Wakala mpaka Pita akalamba vidole, mkewe akamwambia kwa Kiswahili ili nasi tusikie, "Mlangoni kwa mkweo ungelamba hivyo?" Dominick alikaa juu ya mkeka nasi, anatafuna mkate wa boflo aliotoka nao garini.

"Nimeshiba, mama. Lakini harufu yake tu, mashallah."

Mkristo huyu ananiambia mashallah, na boflo mkononi.

Kesho yake nikamletea supu ya samaki. Akashika kifua. "Daktari kanikataza chumvi, mama. Presha."

Presha ipo, hata marehemu mume wangu alikuwa nayo. Ningemwamini kabisa, ila kuna jambo nililolelewa nalo kule Umatumbini kabla sijaolewa huku pwani. Bibi yangu alitufundisha kwamba aliyekula chumvi yako kisha akakufanyia hila, tumbo humvimba mpaka afe. Sijui kama ni kweli. Sijawahi kumwona aliyevimba. Lakini aliyejaribu pia sijamwona. Wamwera wanalijua hili, Wamakonde wanalijua. Mtu wa Dar hana habari nalo, na Dominick alishatuambia yeye ni mtoto wa Ilala, kusini hii ndiyo mara yake ya kwanza.

Nikaiondoa supu yangu. Maji ya moto hayaonjwi kwa haraka.

Wageni wakaenda zao Kilwa Kisiwani kuangalia magofu. Jioni Angela akarudi ananisimulia mimi, mwenyeji, habari za ng'ambo ya kwangu. "Bibi, kule Husuni Kubwa kuna bafu la pembe nane! Mfalme anaoga huku anaitazama bahari!" Mimi Kisiwani nilikuwa nimekwenda mara moja tu, kwenye arusi, na nilikaa jikoni. Siku iliyofuata, maji yalipokupwa, wanawake wakamchukua Pita kwenda kuchokoa pweza. Alichokoa kila tundu, mwisho akapiga kelele kwamba kampata. Kavuta kwa nguvu, ikatoka kandambili. Mpaka leo wapo wanaomwita yule Mzungu Bwana Kandambili.

Nasema haya ili ijulikane kwamba wageni wale sikuwa na shaka nao. Walikula chumvi yangu kwa mikono yote. Shaka yangu ilikuwa na mtu mmoja.

Siku hiyo ya pweza ndugu yangu aliniletea ming'oko kutoka porini, vile viazi vyembamba vya huku kwetu vinavyochimbwa mwituni. Nikachemsha sufuria moja. Nikatenga kwenye ungo, nikasema kwa sauti kila mtu asikie, "Mnisamehe, leo ni mitupu. Chumvi imeniishia."

Mikono ya Dominick ikatoka mapajani.

Alichukua mng'oko wa kwanza akaubana ncha kwa kucha ya gumba, akavuta ganda likatoka refu moja bila kukatika. Akaula. Akachukua mwingine. Maganda aliyapanga pembeni ya ungo kama wanavyofanya watoto wa huku, wanaogombezwa na bibi zao wasichafue mkeka. Alikula kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

"Ilala kuna ming'oko siku hizi?" nikamuuliza.

Akashtuka, kisha akacheka. "Namwiga Angela, mama. Nimemwona anavyomenya."

"Mimi?" Angela akasema, mdomo umejaa. "Mimi nilikuwa natafuna na maganda yake! Kumbe humenywa?"

Tukacheka wote. Dominick alicheka zaidi kuliko sote, na hapo ndipo nilipozidi kuogopa.

Asubuhi Somoe akaenda Nangurukuru kununua mafuta ya taa. Dominick naye alikwenda huko na gari lake, akasema anatafuta dizeli. Somoe akarudi mchana, dumu mkononi, uso umemvimba kwa hasira. Hata kukaa hakukaa.

"Mama, yule mgonjwa wako wa presha!"

"Kafanya nini?"

"Nimemkuta kwa muuza nyama choma. Kijungu cha chumvi kakivutia kwake, kila kipande cha mbuzi anachovya pande zote. Jirani yake anaomba chumvi, hampi!"

"Labda si yeye."

"Na saa yake ya mkanda wa ngozi? Nilisimama nyuma ya basi nikamtazama mpaka alipoomba nyongeza." Akaliweka dumu chini. "Chumvi ya watu wote anakula. Yako tu ndiyo inampandisha presha."

Hakusema tena habari za paa.

Dominick alikuwa ameshaita kikao kesho yake. Nikaamka mapema. Nikapika pilau ya kuku na kachumbari, na chumvi nikaitia mbele ya Somoe, kama kawaida, wala sikuzidisha. Mzee Likwata akaja na kanzu yake ya Ijumaa, na wazee wenzake. Wageni nao wakakaa barazani, Angela akimtafsiria mumewe. Dominick akaeleza vizuri sana: vibanda, wageni kutoka Ulaya, ajira kwa vijana. Wazee wakaafiki kwa vichwa. Mzee Likwata akanigeukia.

"Haya, Bi Sada. Neno ni lako."

"Neno lipo," nikasema. "Lakini kwetu mtu haombwi kiwanja na mwenye njaa. Mgeni ale kwanza."

Nikaonja tonge la kwanza mimi. Kisha nikamsogezea sahani.

"Presha, mama. Nilikwambia."

"Ile ya Nangurukuru imeshapoa?" akauliza Somoe kutoka mlangoni.

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Dominick hakucheka. Aliitazama ile pilau.

"Tonge moja tu," nikasema. "Mtoto wa Ilala atadhurika nini na tonge moja?"

Mkono ukapanda kutoka mapajani. Ukafika juu ya sahani, ukasimama hapo, vidole vimekunjika tayari kumega. Nasema kweli, nilimwombea asile.

"Kwenu hasa ni wapi, mwanangu?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Mtama, hukuhuku kusini," akasema.

"Nani kakulea?"

"Bibi." Akaurudisha mkono. "Mama, siwezi."

"Basi na mimi siwezi."

Mzee Likwata akauliza nini kinaendelea. Dominick akamjibu akiwa ameinama. Kampuni si yake, yeye ametumwa. Kuna tajiri mjini anataka pwani yote ile, atazungusha seng'enge kutoka barabarani mpaka majini. Kisima kitakuwa ndani. Kaburi nalo litakuwa ndani. Na mpishi, yule tajiri angekuja na wake.

Angela alipomaliza kumtafsiria, Pita alikwenda kung'oa vigingi vya hema bila kuambiwa. Angela alinishika mikono yote miwili. Waliondoka na gari lile lile, kwa sababu hakukuwa na jingine. Dominick alipita mbele yangu. "Shikamoo, bibi," akasema, naye siku zote alikuwa ananiita mama. Nikamwitikia marahaba, kwa moyo. Nikampa ming'oko iliyobaki, ile mitupu, kwenye mfuko wa rambo. Akapokea.

Mwaka uliofuata alikuja mwingine, kijana wa suti, na maneno yale yale ya vibanda. Nikatenga chakula, nikaonja, nikamsogezea. Alikula kwa mikono miwili. Akaomba nyongeza. Akachota chumvi kwenye kibakuli akanyunyizia juu, akasema, "Bibi, chakula chako kitamu sana, kimepungua munyu tu."

Nikamtazama mpaka alipomaliza. Tumbo lake lilikuwa vilevile, bapa, mkanda umefungwa vizuri.

Nikamnawisha, nikamshukuru kwa kuja, kisha nikamwita Somoe. "Mfikishe mgeni barabarani," nikamwambia. "Ukirudi, pitia kwa Mzee Likwata. Mwambie ajihadhari: safari hii kaja mtu anayekula."