Kitanda Kati ya Ngazi

Binti yangu ni msanii wa mambo ya ndotoni. Kiatu chake huota meno, samaki wake huvaa miwani. Mimi niliyeishia darasa la nne siambulii kitu, ila naona watu wakipita wanarudi kutazama. Safari hii jarida moja lilimpa kazi pamoja na mpiga picha mmoja mwembamba. Wakaniita nije na winchi yangu ya kuvuta kwa mnyororo kwenye kiwanda ambacho wakubwa walikila mpaka kikafungwa. Katikati ya ngazi, palipo wazi hadi juu, walikuwa wameweka kitanda cha hospitali.

"Baba, tunataka kipae. Mtu amelala, kinapita ghorofa zote."

Nikakitazama kile kitanda. Mama yake tulimbeba ngazi kwa ngazi, lifti ya hospitali imekufa mwaka mzima na wakubwa wanabadilisha magari. Akakata roho ghorofa ya tatu, wodi iko ya nne. Na fundi wa lifti ile nilikuwa mimi. Waya mpya niliomba, wakanijibu nisubiri. Tangu hapo sijainua hata ndoo.

"Tafuteni mwingine."

"Basi, mzee, tutakipaisha kwenye kompyuta," alisema mpiga picha.

"Kitaonekana uongo," binti yangu akamkata. Kisha akanigeukia. "Nataka mama afike juu, baba. Hata kwenye picha."

Nikashika kamba aliyofunga kitandani yule kijana mpiga picha.

"Hili fundo umefunga kitanda au kiatu?"

"Kiatu nacho huwa kinanifunguka, mzee."

Nikafungua mafundo yote. Nikafunga winchi juu, nikapitisha minyororo pembe nne, nikajaribu kwa mifuko ya mchanga. Hakikuyumba. Lakini mwanamitindo waliyemleta alale humo alipokiona kinaning'inia, akarudi nyuma. "Mimi nina watoto!"

"Hata mimi ninaye," nikasema, nikavua viatu, nikapanda mwenyewe. Binti yangu nikamwachia mnyororo. "Vuta taratibu. Usiuangalie uso wangu, angalia ndoano ya winchi."

Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu nikafumba macho, nikasikia mnyororo unaendelea kulia, haukusimama. Nilipofumbua, mwanga wa dirisha la juu ulikuwa umenimwagikia kifuani.

"Mzee, usicheke, unaharibu picha!"

"Piga hivyo hivyo," binti yangu alisema.

Mwanamitindo akapaza sauti kutoka chini: "Shuka basi, zamu yangu!"