Jina la Mama Bucha

Dada hakutaka mtoto wake aitwe Raheli. Lilikuwa jina la mama mkwe wake, na mama mkwe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Bucha, alishaamua tangu mimba haijaanza kuonekana. Kumkatalia ana kwa ana hakuna aliyethubutu, hata shemeji, anayewapimia wateja nyama humo humo buchani mwa mama yake.

Basi dada akamwendea katekista, akarudi amechangamka. Tukaingia buchani, mimi nimembeba mtoto.

"Mama, shikamoo. Nimeulizia lile jina. Ni la Kiebrania. Maana yake kondoo jike."

Shemeji akaanza kufuta mzani, ambao ulikuwa safi.

Mama Bucha hakuacha kukata mbavu. "Marahaba. Aliyezaa au bado?"

"Hakusema, mama."

"Na lilifikaje kwangu?"

Dada akieleza kitu hukieleza chote. Akasema lilianza kwa wafugaji wa zamani, ambao mali yao ilikuwa kondoo, na jike ndiye aliyejaza zizi, kwa hiyo kumwita binti hivyo ilikuwa kumsifu. Likaenda kwa Wayunani, likaenda kwa Waarabu, Wazungu wakalipenda, wamisionari wakalileta huku. Nilimwona anajiharibia, nikamkanyaga mguu. Akausogeza mguu, akaendelea.

Mama Bucha akaweka kisu chini.

"Kumbe nina jina zito hivi, na nyie mnaniita Mama Bucha." Akamkagua mtoto mikononi mwangu kama anavyokagua mbuzi kabla ya kununua. "Huyu hapana. Mtafutieni jingine."

Dada alipaswa kushukuru. Badala yake akavimba. "Hapana kwa nini? Mwanangu ana kasoro gani?"

"Sijasema kasoro. Nimesema mdogo."

"Hujasema mdogo, mama."

"Basi nasema sasa. Halafu si wewe usiyelitaka?"

"Nani kasema?"

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Ikabidi dada abembeleze. Alibembeleza mpaka wateja waliokuwa kwenye foleni wakaanza kumsaidia, mmoja akisema mtoto ana macho ya bibi yake kabisa, na mtoto mwenyewe amelala. Mwishowe Mama Bucha akanawa mikono, akampokea, akasema atamwazima tu, tuone kwanza tabia yake.

Jumapili mtoto akabatizwa. Padri alipouliza jina, dada alijibu "Raheli" hata kabla padri hajamaliza kuuliza.