Ukoko wa Mkamwana

Kwa Mama Nicodemo, pale Endagikot, sufuria ya ugali ilikuwa na utaratibu wake. Baba na Nicodemo kwanza, halafu Mama Nicodemo mwenyewe, na mkamwana Judica, mke wa Nicodemo, mwisho kabisa, jikoni, akikwangua ukoko kwa kijiko. Maziwa yalikwenda mjini Mbulu kuuzwa, mayai nayo huko huko. Hakuna aliyeona ni vibaya. Mama Nicodemo naye alipoolewa alikula ukoko, na akazaa.

Judica alikuwa mwaka wa pili pale, tumbo bado. Baba mkwe alishasema, mahindi yakivunwa bila habari, binti arudishwe kwao Dongobesh, wazee wakazungumze upya.

Sasa Mama Nicodemo ana jicho, huyo. Akaona vitambaa vya Judica havianikwi tena nyuma ya zizi. Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine. Akamwita.

"Judica, siku zako vipi?"

Judica akainama. "Hazijaja, Mama."

"Ahaa! Na ukanyamaza, wewe! Asante Yesu."

Jumuiya iliposali kwa jirani yao Mama Gidion, Mama Nicodemo hakuweza kujizuia. Akasimama wakati wa matangazo, akatangaza. Vigelegele! Mama Gidion akaingia chumbani, akatoka na shali nyeupe ya mtoto.

"Asipigwe na baridi, huyo mgeni," akasema. "Lakini mwenzangu, mimba gani hii inayoanza kwa kula mashavu?"

Wanawake wakacheka.

"Ni wa kiume," Mama Nicodemo akajibu. "Ananyonya tangu ndani."

Nyumbani akamwekea Judica masharti, kama alivyowekewa yeye. Yai usiguse, mtoto atatoka na kipara. Na chakula punguza, mtoto akiwa mkubwa utapasuliwa.

"Ndiyo, Mama," akasema Judica, ingawa macho yalishaanza kuona giza kila akiinuka.

Siku moja akaanguka njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Wakaenda kliniki.

Muuguzi, binti mdogo tu, alimwamkia Mama Nicodemo shikamoo vizuri. Akampima Judica mkojo, akamzungushia mkononi utepe wa kupima utapiamlo, akautazama utepe ule mara mbili.

"Mama, hana mimba."

"Pima tena. Siku zake zimekatika, nimeona mwenyewe."

"Zimekatika kweli. Mwili ukikosa chakula muda mrefu, na kazi ni nzito, unazizuia. Mwenye njaa atakaribishaje mgeni?" Akamgeukia Judica. "Dada, unakula nini nyumbani?"

"Ugali, mboga," Mama Nicodemo akadakia. "Maziwa tunayo."

"Namuuliza yeye, mama. Jana ulikula nini?"

Judica akamtazama mama mkwe, kisha sakafu.

"Ukoko."

"Na nini?"

"Na maji."

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi la nje alikaa Mama Gidion na mjukuu wake aliyekuja kupimwa uzito. Hakucheka. Heri angecheka.

Muuguzi akaeleza taratibu: ale mayai, maharage, maziwa, apumzike. Siku zinaweza kurudi. Zisiporudi waje tena, na mume naye aje, maana mtoto si wa mmoja.

Njiani Judica alitembea nyuma, kama kawaida.

"Mama, nisamehe. Nimekuaibisha."

Mama Nicodemo akapunguza mwendo, amfikie.

Baba mkwe aliposikia, akasema, "Basi, arudi kwao."

"Arudi na mikono hii iliyokonda? Mama yake aione? Unataka Dongobesh nzima ijue kwamba hapa tunalisha ng'ombe kuliko watu?"

Mzee akachukua fimbo, akatoka kwenda zizini. Nicodemo akatazama viatu vyake.

Jumuiya ilipokutana tena, Mama Nicodemo alifika na shali chini ya khanga. Hakungoja matangazo.

"Mkamwana wangu hana mimba. Alikuwa na njaa. Na njaa ile ni ya nyumbani kwangu."

Akaitoa shali, akamnyooshea Mama Gidion. Mama Gidion akasema polepole, "Kaa nayo, mwenzangu. Atazaa tu."

"Hapana, itunze wewe. Nikiiona kila siku, nitamuuliza kila siku."

Jioni ile alipakua ugali wa katikati ya sufuria, akaweka na mayai na kikombe cha maziwa, akamsogezea Judica kabla ya wanaume. Judica hakugusa. Mkamwana hali mbele ya mama mkwe, hilo amefundishwa tangu kwao.

"Kula, mwanangu."

"Nitakula, Mama. Mkishamaliza."

Mama Nicodemo akachukua kigoda, akakaa mlangoni, mgongo kwa Judica, uso kwa zizi. Akangoja. Ng'ombe wakacheua, wameshiba, na aibu ikampanda upya.

Kisha akasikia kijiko. Krr, krr, kwenye sufuria.

"Judica," akasema bila kugeuka, "acha ukoko. Kuna yai."

Kijiko kikanyamaza.