Vigae vya Barabara ya Misafara

Waliohudhuria darasa la ufinyanzi, Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1952: Lugembe, Shilinde, Apolinaria, Dionis, Mwanne na Eustadia, wote yatima wa kituo chetu nje ya mji wa Tabora, Bibi Katarina, mfinyanzi kutoka Ziba, na mimi, Mwalimu Alois. Hakuna aliyekosekana.

Bibi Katarina alikuwa ametufundisha kwamba udongo mtupu hupasuka motoni. Sharti uchanganywe na vigae vya vyungu vikuukuu vilivyotwangwa. Kisha akaenda kwao kwa muda wa wiki moja. Nami, kwa kuwa sipendi kazi isimame, niliwatuma watoto wakaokote vigae kando ya barabara ya zamani ya misafara, magharibi ya kituo. Walirudi na vikapu viwili. Niliwasifu, tukavitwanga na kuvichanganya na udongo.

Niliwaambia kila mmoja afinyange apendacho. Wote sita walifinyanga mtu mwenye mzigo kichwani, kinywa wazi.

"Mwalimu, Shilinde ananiiga!" Lugembe alilalamika.

"Nani aige kichwa kama kiazi?" Shilinde alimjibu. "Kitazame kwanza, ndipo ujisifu."

Nilicheka, kisha nikawatenganisha, kila mtoto akielekea ukutani, nikaagiza wafinyange ng'ombe. Dionis, aliyechunga ng'ombe tangu utotoni, alianza vizuri kwa pembe. Kipindi kilipokwisha, pembe zile zilikuwa mikono miwili iliyoshika mzigo. Alikitazama alichokifanya, akaomba ruhusa akanawe.

Ningalilifunga darasa siku ile, lau si Eustadia. Alikuwa na miaka tisa, na tangu aletwe kwetu mwezi wa Februari, baada ya mazishi ya mama yake, hakuwa amemtamkia mtu neno. Sasa alikuwa akimnong'oneza mtu wake wa udongo. Niliogopa kumnyang'anya yule aliyemfungua kinywa.

Jumamosi hiyo ya tarehe 9 Bibi Katarina alirudi ili tuchome kazi za watoto. Kuni na nyasi zilikuwa tayari uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwenye vigae vilivyobaki. Aliokota kitako cha chungu, akapenyeza kidole katika tundu lililokuwa katikati yake. "Hivi mmevitoa wapi?"

Nilimweleza.

"Chuoni ulisoma miaka mingapi, Mwalimu?"

"Miwili, Bibi."

"Miwili. Na hawakukufundisha kutazama kitako cha chungu." Alikirudisha kikapuni kwa mikono miwili. "Chungu kilichotobolewa hivi ni cha marehemu. Mpagazi akifia njiani, wenzake walimzika pale pale, wakamwekea chungu chake juu ya kaburi, kimetobolewa ili asije mtu akakitumia. Mmewatwanga, mwanangu. Mmewatwanga, kisha mkawapa vinywa."

Mwanne alianza kulia. Nilimuuliza Bibi la kufanya.

"Udongo mbichi hurudi kuwa udongo. Ukishachomwa, haurudi. Wapelekeni walikotoka."

Sote tulimgeukia Eustadia. Alikuwa amemkumbatia mtu wake kifuani. Nilichuchumaa mbele yake.

"Eustadia, huwa unamwambia nini?"

Alimtazama kwanza mtu wake wa udongo. Kisha ikasikika sauti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia, nzito kidogo kuliko nilivyoitazamia.

"Simwambii. Namjibu. Ananiuliza kama tumekaribia kufika."

"Nawe humjibuje?"

"Namwambia sijui. Halafu ananiuliza tena."

Hakuna aliyecheka, hata Lugembe. Nilisimama, nikapangusa magoti, nikawatangazia wote:

"Moto hautawashwa. Tunawarudisha sasa hivi, mchana huu. Eustadia atatangulia na wake, na tutasimama pale atakapotuambia tumefika, hakuna atakayemharakisha. Darasa halifungwi. Jumatatu tutachimba udongo mwingine, na vigae vya kutwanga vitatoka nyumbani kwangu: nitavunja mtungi wangu wa maji."