Mfamasia wa Buchani

Sosthenes alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa mchele pale Chimala, na aliamini hakuna sharti la serikali lisilo na mlango wa nyuma. Alipotaka kufungua famasi akapewa orodha: chumba chenye vigae na dari, friji, kipimajoto, sinki, na mfamasia aliyesajiliwa wa kusimamia dawa. Vigae alinunua vya kung'aa, mpaka wapita njia wakawa wanajitazama meno. Aliyemuudhi ni mfamasia.

"Yaani nimweke mtu anipangie nani nimuuzie na nani nisimuuzie? Duka la nani?" alimwambia mkewe, Juliana.

Akapata njia ya mkato. Anord, mfamasia mmoja wa Iringa, alikuwa akikodisha cheti chake kama watu wanavyokodisha viti vya harusi. Cheti kikaja kwa basi, kikatundikwa ukutani. Mwenyewe akabaki Iringa.

Siku ya ukaguzi ikahitajika sura. Sosthenes akamchukua shemeji yake Yotamu, mdogo wake Juliana, mwenye bucha sokoni, akamvika koti jeupe.

"Leo wewe ni Anord. Ukiulizwa, jibu kifupi."

Mkaguzi, mama mmoja mpole aitwaye Matilda, alitoka Mbeya. Akapima chumba, akafungua friji, akaridhika. Kisha akamgeukia Yotamu.

"Mfamasia, mtoto wa kilo kumi ana homa. Utampimia kiasi gani?"

"Kilo kumi?" Yotamu hakusita. "Na mifupa, au steki tupu?"

Sosthenes alipaliwa na mate. Matilda hakucheka. Alitoa simu, akapiga namba ya Anord iliyoandikwa kwenye fomu ya maombi, akaweka spika.

"Habari, mfamasia Anord. Upo kituoni?"

"Nipo mama, hapahapa Chimala. Wagonjwa wamejaa, nawahudumia."

"Pole na kazi. Na mimi nipo hapa kaunta. Umesimama upande gani?"

Ikasikika sauti ya mpiga debe ikiita watu wa Kalenga, na simu ikakatika.

"Mtandao wa huku mbovu sana," Sosthenes alisema.

"Mbona mzuri? Umetufikisha mpaka Iringa."

Kibali kikakataliwa. Anord aliitwa kujieleza mbele ya wanataaluma wenzake, na huko ikajulikana kwamba alikuwa akisimamia maduka manne katika wilaya tatu, yote kwa saa zilezile. Sosthenes naye alizunguka mji mzima akilalamika kwamba sheria zimetungwa kumkandamiza mwananchi.

Wiki iliyofuata malaria ikamwangusha. Yotamu, ambaye koti lilimpendeza na hakulirudisha, akaingia chumbani na vidonge mkononi.

"Shemeji, meza hivi. Viwili viwili, nadhani."

"Unadhani?" Sosthenes akajiinua kwa kiwiko, huku anatetemeka. "Unataka kuniua? Wewe ni muuza nyama! Nipelekeni kwa mtu aliyesomea!"

Juliana akamtazama mumewe. "Na wale uliotaka wauziwe na mtu kama huyu, wao hawafi?"

Wakampeleka hospitali, akapona.

Baada ya miezi miwili aliomba upya, safari hii akiwa na mfamasia wa kweli, binti aitwaye Happy, na kibali kikatoka. Siku ya kwanza ya kazi, Happy alimkataza mwenye duka kupita nyuma ya kaunta. Sosthenes alibishana naye mpaka saa nne, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, amenuna.