Ufagio Usiouliza

Wewe, umewahi kufagia uwanja usio wako? Mimi nimefagia, tena kwa bidii.

Usiku wa jana niliota kwamba nimeamka. Nikajifunga kanga yangu ya kijani, ile iliyoungua na pasi kwenye pindo, nikatoka kufagia kabla sijasalimiana na mtu, kama nifanyavyo tangu niolewe hapa Tukuyu. Ukungu ulikuwa umelala chini, migomba ikionekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Ufagio ulikuwa umeegemea ukuta.

"Ugonile, bibi," ukanisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga," nikaitikia. Ufagio ukikuamkia huwezi kuunyamazia.

"Nifagie nini?" ukauliza.

"Fagia vyote, na vilivyomo ndani ya vilivyomo." Maana majani makavu hujificha chini ya majani mengine.

"Nikikuta nilichokatazwa kugusa?"

"Usiniulizeulize. Fagia kwa amri ya mwenye nyumba!"

Ndivyo ninavyosema kwangu, hata kuku wanajua. Kuushika tu, ufagio ukachomoka mkononi, ukaanza kazi wenyewe.

Ndipo naona sisikii jogoo hata mmoja. Nainua macho, sipo uwanjani. Nimo katika chumba cha mitambo cha chuo cha ualimu, pale mwanangu Sekela anapotunza kompyuta na mtandao. Baridi ya kiyoyozi inaniingia mifupani. Nyaya za bluu zimesukwa vizuri kuliko nywele za bibi harusi. Mezani kuna kioo cheusi cha kompyuta, na ndani yake kijistari cheupe kinapepesa kama jicho lenye vumbi.

"Ungeniuliza kwanza uko wapi," kioo kikasema. "Herufi tatu tu: p, w, d. Ningekujibu."

"Ningejuaje?"

"Wenye ufagio wote huuliza baadaye," kikasema, wala hakikuwa kinanisuta.

Ufagio ulikuwa umeshaingia kabati la kwanza. Ndani ya kabati mlikuwa na chumba, ndani ya chumba kabati jingine, nao uliingia kote. Lile la kwanza lilikuwa na taarifa kuukuu za mashine, nani aliingia, nani alitoka, mambo ya miaka iliyopita. Zilirushwa kama makapi, na kabla hazijagusa sakafu zikawa hazipo. Nikatafuta jalala. Hakuna.

"Takataka zinakwenda wapi?" nikauliza.

"Haziendi. Zinaacha kuwapo."

"Na lile kabati la mwisho lina nini?"

"Matokeo ya wanachuo, miaka minane. Yote kaingiza Sekela."

"Si ana nakala pembeni?"

"Diski ya nakala iliungua wiki iliyopita. Mpya haijafika kutoka Mbeya."

Miaka minane! Watu wanasubiri vyeti, na mwanangu ndiye atakayeulizwa.

"We ufagio, simama!"

"Siwezi, bibi. Nimeamriwa na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si ndiye mimi?"

"Ndiyo maana siwezi. Amri ya mwenye nyumba nikishaianza naimaliza."

Nikaomba niitiwe mtu anayejua mambo ya ufagio. Kioo kikamwita Bi Maelezo. Akaingia mama mnene mwenye sweta la kahawia na miwani ya kamba, akaketi, akalowesha kidole kwa mate, akafungua daftari.

"Ufagio," akasoma. "Jina lake, namna ya kuuita, na tabia zake. Ukurasa wa kwanza kati ya arobaini."

"Dada, nataka kuusimamisha tu."

"Kusimamisha tutakukuta mbele, bibi. Haturuki kurasa."

Ufagio uko kabati la tatu. Namwambia Bi Maelezo kwamba tumeshukuru, inatosha. Anasoma. Namwambia nyumbani kwake watakuwa wanamngoja. Anasoma. Natandika kanga yangu juu ya daftari, anasoma kupitia kwenye kanga.

"Huyu anaagwaje?" nakiuliza kioo.

"Mwambie q."

"Q," nikasema.

Akafunga daftari katikati ya neno, akaenda zake bila kununa. Sijapata kuona mgeni mwepesi wa kuondoka namna ile.

Kijistari kikapepesa. "Bibi, unataka nini?" kikauliza kioo.

"Mimi? Sitaki kitu. Mimi ni mama yake Sekela tu."

"Amri hiyo haijulikani. Unataka nini?"

"Nataka ufagio usimame!"

"Shika kitufe kilichoandikwa Ctrl, usikiachie. Kisha gonga C."

Vidole vyangu vimezoea jembe na maharage. Nakishika kile cha kwanza kama ninavyobana miguu ya kuku kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia nagonga. Ufagio ukaanguka pwaa, mpini ukiwa tayari umepita kizingiti cha kabati la mwisho.

"Samahani, bibi," ukasema ukiwa chini. "Ningekuwa na tabia ya kuuliza, ningeuliza."

Nikaamka. Nilipoingia jikoni nilimkuta Sekela amesimama na simu mkononi, maji ya chai yanachemka mpaka yanamwagikia mkaa.

"Mama, hebu sikiliza hii." Akasoma polepole. "Ufutaji umekatishwa kwenye kibodi, saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Makabati matatu matupu. Matokeo hayajaguswa." Akanitazama. "Kwenye kibodi, mama! Chumba kimefungwa, na ufunguo ninao mimi peke yangu."

Nikaipua sufuria, nikafuta mkono kwenye kanga.

"Naona una neno," akasema. "Unataka nini?"

Kila siku akiniuliza hivyo humjibu sitaki kitu, nikamwuliza kama amekula.

"Nataka unifundishe kazi yako," nikamwambia. "Nimeitaka tangu siku ulipoajiriwa."